Vazi lililowalinda wanadamu 12 mwezini

Na Mwandishi Wetu, Chumbi

KATIKA kata ya Chumbi, kusini mwa mto Rufiji kando ya barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi, mwezi si pambo la usiku tu. Wakulima wanaokesha juu ya madungu kulinda mpunga wao huutegemea kuona wanyama wanaonyemelea mashamba. Wavuvi wa delta, katika wilaya jirani ya Kibiti, huutumia kuhesabu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu.

Mwezi huo huo, ulioko umbali wa wastani wa kilometa 384,400 kutoka duniani, ulikanyagwa na wanadamu 12 kati ya Julai 1969 na Desemba 1972. Wote walikuwa Wamarekani, na wote walipelekwa na mpango wa Apollo wa shirika la anga la Marekani, NASA. Huko nje, hakuna hata mmoja wao aliyeugusa udongo wake kwa mkono mtupu.

Mengi yameandikwa kuhusu roketi kubwa na vyombo vilivyowafikisha huko. Lakini pale walipofungua mlango na kushuka ngazi, kilichowaweka hai ilikuwa nguo, tena nguo iliyoshonwa na mafundi waliokaa mbele ya cherehani.

Kwa nini mwezi unaua

Hatari ya kwanza mwezini ni ombwe, yaani kutokuwapo kwa hewa. Wapo wanaodhani kuwa tatizo hapo ni kukosa pumzi tu, na kwamba mtu akibeba mtungi wa oksijeni na kuvaa kinyago mambo yamekwisha. Sivyo.

Mwili wa binadamu umezoea kugandamizwa na hewa pande zote. Mgandamizo huo ukipungua, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Usawa wa bahari, kama ilivyo katika delta ya Rufiji, maji huchemka kwa nyuzijoto 100 za Sentigredi. Katika kilele cha Mlima Kilimanjaro, meta 5,895, huchemka kwa nyuzi 80 hivi. Katika kimo cha kilometa 19 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu.

Mwezini hakuna mgandamizo wa hewa kabisa. Mtu asiye na vazi angeona mate, machozi na unyevu wa mapafu yake vikigeuka mvuke, na angepoteza fahamu katika muda wa sekunde chache.

Jambo hilo lilishuhudiwa duniani Desemba 1966 huko Houston, Marekani. Fundi Jim LeBlanc alikuwa amevaa vazi la majaribio ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, na mrija uliokuwa ukilijaza vazi hilo ukachomoka. Alizimia katika sekunde zipatazo 15. Baadaye alieleza kuwa jambo la mwisho alilolikumbuka ni mate yake yakitokota ulimini. Wenzake waliingiza hewa chumbani upesi, naye akapona.

Hatari ya pili ni joto na baridi. Kwa kuwa hakuna hewa wala mawingu ya kupunguza makali ya jua, eneo la ikweta ya mwezi hufikia nyuzi 120 mchana na kushuka chini ya nyuzi 130 za baridi usiku. Mchana mmoja wa mwezini huchukua takriban wiki mbili za duniani, na usiku vivyo hivyo. Ndiyo sababu safari za Apollo zilipangwa kutua wakati wa asubuhi ya huko, kabla jua halijapanda juu.

Aidha, kuna vimondo vidogo mno, vingine mithili ya chembe ya mchanga, vinavyosafiri kilometa nyingi kwa sekunde moja. Duniani huungua angani kabla ya kufika chini. Mwezini hakuna cha kuvizuia. Huko pia kuna mionzi mikali ya jua isiyochujwa na kitu chochote.

Tangu Zanzibar hadi mwezini

Safari ya mavazi haya ina sehemu yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, NASA iliweka kituo cha mawasiliano Tunguu, Zanzibar, kwa ajili ya mpango wake wa kwanza wa kupeleka watu angani, Mercury. Februari 20, 1962, John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia katika obiti, alizungumza na kituo hicho alipokuwa akikatiza juu ya eneo hili. Kituo kilifungwa mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Vazi la Glenn lilikuwa la rangi ya fedha, lililotokana na vazi la marubani wa jeshi la wanamaji la Marekani na kutengenezwa na kampuni ya B.F. Goodrich. Kazi yake ilikuwa ya akiba. Glenn alikaa kitini safari nzima, hewa ya kupumua na kumpoza ikitoka chomboni, na vazi lingejaa hewa endapo tu chombo kingetoboka.

Kwa wanaanga wa mwezini, akiba ya namna hiyo isingetosha. Mtu alitakiwa kutoka nje, kutembea, kuinama, kuchimba, kubeba mawe na kupanda ngazi, huku chanzo chake cha hewa kikiwa mgongoni mwake. Vazi lilipaswa kuwa chombo cha anga kamili chenye umbo la binadamu.

Kazi ya washona sidiria

Mwaka 1965 kampuni kadhaa zilishindanishwa. Aliyeshinda hakutarajiwa na wengi: International Latex Corporation ya mji wa Dover, jimbo la Delaware, ambayo wanawake wa Marekani waliifahamu kwa sidiria na nguo za kubana tumbo zilizouzwa kwa jina la Playtex.

Ukitafakari, uteuzi huo una mantiki. Kampuni hiyo ilijua namna mpira mwembamba unavyoweza kushikana na kitambaa, kukaa mwilini bila kuchubua na kujikunja bila kupasuka. Kampuni zilizozoea kuunda vifaa vya chuma zilileta mavazi yaliyokuwa magumu, na mvaaji hakuweza kutembea nayo vizuri.

Washonaji wa Dover walitakiwa kushona mishono ambayo kosa lake halikupaswa kuzidi sehemu moja ya 64 ya inchi, yaani chini ya nusu milimita. Pini zilidhibitiwa kwa makini, kwa kuwa pini moja iliyosahaulika katikati ya matabaka ingeweza kutoboa tabaka linaloshika hewa. Mavazi yalipigwa picha za eksirei kuhakikisha hakuna pini iliyobaki ndani.

Kila mwanaanga alishonewa kwa vipimo vyake mwenyewe, na kwa kawaida alitengewa mavazi matatu: la mazoezi, la safari na la akiba. Glovu zilitengenezwa kwa kufuata umbo la mikono yake halisi.

Matabaka 21

Vazi lililotumika katika safari ya Apollo 11 liliitwa A7L. Kwa hesabu ya jumla lilikuwa na matabaka 21, ambayo yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza, lililogusa ngozi, lilikuwa nguo ya ndani iliyofumwa na kupitishiwa mirija myembamba ya maji, yenye urefu wa takriban meta 90 kwa jumla. Kazi yake itaelezwa hapa chini.

Fungu la pili lilishika hewa. Lilikuwa na mfuko wa nailoni iliyopakwa mpira, uliozuia oksijeni isitoke, na juu yake kitambaa imara kilichouzuia mfuko huo usivimbe kama puto.

Fungu la tatu, la nje, lilizuia joto, baridi na vimondo vidogo. Hapa ndipo palipokuwa na matabaka mengi: karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini, zikitenganishwa na nyavu laini ili zisigusane.

Anayetaka kuelewa kazi ya matabaka hayo aitazame chupa ya chai. Chai hubaki na moto kwa sababu kati ya kuta mbili za chupa hakuna hewa ya kusafirisha joto, na kuta zenyewe zinang'aa hivyo hurudisha joto lilikotoka. Mwezini ombwe linapatikana bure. Kilichohitajika ni kuta za kung'aa, nyingi na nyepesi.

Kitambaa cha juu kabisa, cheupe, kina historia ya msiba. Januari 27, 1967, moto ulizuka ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado juu ya jukwaa la kurushia, wakati wa mazoezi. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifariki dunia. Hewa ndani ya chombo ilikuwa oksijeni tupu, na vitu vingi vilivyokuwamo viliungua kwa kasi.

Baada ya hapo nguo za nje za wanaanga zilitengenezwa kwa kitambaa kilichoitwa Beta, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa Teflon. Kitambaa hicho hakishiki moto, na huhimili joto la zaidi ya nyuzi 600.

Kichwani mwanaanga alivaa kwanza kofia ya kitambaa yenye vipaza sauti na vipokea sauti, kwa kuwa mahali pasipo na hewa sauti haisafiri na wenzi wawili waliosimama bega kwa bega hawawezi kusikilizana bila redio. Juu yake ilikuja helmeti ya plastiki ngumu inayoona mbele na kando, na juu ya helmeti kikawekwa kifuniko chenye kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba mno. Dhahabu hiyo ilirudisha mwanga na joto la jua, nacho kioo kikabaki kinapitisha mwanga wa kutosha kuona njia.

Tatizo la tairi lililojaa

Ugumu mkubwa wa kubuni vazi la anga unaeleweka na kila aliyewahi kujaza upepo baiskeli. Mpira mtupu unakunjika utakavyo. Ukishajaa, haukunjiki tena. Vazi la anga nalo, likijazwa hewa, hutaka kunyooka na kuwa gumu kama tairi.

Mwanaanga wa Urusi ya Kisovieti, Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, aliliona hilo Machi 18, 1965. Vazi lake lilivimba na kukakamaa hata akashindwa kurejea ndani kwa urahisi. Alilazimika kupunguza hewa ya vazi, huku akijua hatari yake, ndipo akapenya.

Wabunifu wa Apollo walipunguza tatizo hilo kwa njia mbili. Kwanza, vazi halikujazwa hewa ya kawaida. Lilijazwa oksijeni tupu kwa robo hivi ya mgandamizo wa usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21 tu, robo hiyo ya oksijeni tupu ilimtosha mvaaji kupumua bila shida, na vazi likawa laini zaidi.

Pili, kwenye mabega, viwiko, magoti na vifundo viliwekwa viungo vya mpira vyenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono, vikishikiliwa na nyaya. Upande mmoja wa kiungo ukibanwa, upande wa pili ulifunguka, na ujazo wa hewa ndani ukabaki karibu vile vile. Kwa hiyo mvaaji hakupigana na hewa kila alipokunja goti.

Hata hivyo, mikono haikupata nafuu kamili. Kushika nyundo au koleo kulimaanisha kuikunja glovu iliyojaa hewa mara mamia kwa siku. David Scott wa Apollo 15, aliyekuwa mwezini Julai na Agosti 1971, alirejea chomboni na vidole vilivyouma na kucha zilizoumia.

Mtungi wa maji mgongoni

Mtu aliyefungwa ndani ya chupa ya chai hupatwa na tatizo jingine: joto la mwili wake halina pa kutokea. Juni 1966, Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9 akiwa na vazi lililopozwa kwa hewa pekee. Alifanya kazi ngumu, moyo ukamwenda mbio, jasho likajaa na kioo cha helmeti kikafunikwa na ukungu hata asione. Kazi aliyotumwa ilikatishwa.

Kwa mwezi, jibu lilikuwa ile nguo ya ndani yenye mirija. Pampu ilizungusha maji ya baridi kwenye mirija hiyo, maji yakachukua joto la ngozi na kulipeleka kwenye begi la mgongoni. Mvaaji alikuwa na kitasa cha kuchagua kiwango cha ubaridi kati ya vitatu.

Lakini begi nalo lililitupa wapi joto hilo? Hapa wahandisi walitumia kanuni ambayo kila nyumba ya Chumbi yenye mtungi wa udongo inaifahamu. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya kwenye udongo, hutoka nje na kukauka, na kila tone linalokauka huondoka na joto. Ndani ya begi, maji kidogo yalipenyezwa kwenye bamba la chuma lenye vitundu vidogo, upande wa pili ukitazama ombwe. Yaliganda kuwa barafu, kisha barafu ikageuka mvuke moja kwa moja na kuondoka na joto la mwanaanga.

Begi hilo, lililotengenezwa na kampuni ya Hamilton Standard, lilibeba pia oksijeni, betri, redio, feni ya kuzungusha hewa, na mkebe wa kemikali iitwayo lithiamu haidroksaidi, iliyonasa hewa ukaa inayotoka mdomoni. Bila mkebe huo, mwanaanga angelewa kwa pumzi yake mwenyewe, hata kama oksijeni ingalipo.

Vazi na begi kwa pamoja vilikuwa na uzito wa kilo 91 hivi duniani. Kwa kuwa nguvu ya uvutano ya mwezi ni moja ya sita ya ile ya dunia, mvaaji alihisi mzigo wa kilo 15 tu. Ndivyo walivyoweza kurukaruka kama wanavyoonekana katika filamu.

Mambo ya haja nayo yalifikiriwa. Kulikuwa na mfuko wa kukusanyia haja ndogo na nguo maalumu kwa ajili ya haja kubwa. Baadaye uliongezwa mfuko wa maji ya kunywa karibu na shingo. Wa James Irwin, mwenzake Scott katika Apollo 15, haukufanya kazi, naye akafanya kazi saa nyingi bila kunywa.

Umbali wa kurudi kwa miguu

Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikaa nje takriban saa mbili na nusu tu Julai 1969. Kuanzia Apollo 15 lilitumika vazi lililoboreshwa, A7LB, lililokuwa na kiungo kiunoni ili mvaaji aweze kuketi kwenye gari dogo la mwezini, na begi lililomwezesha kukaa nje saa saba. Katika Apollo 17, Desemba 1972, Cernan na Harrison Schmitt walitoka mara tatu na kufanya jumla ya saa 22 nje.

Gari hilo lilileta swali ambalo mvuvi wa delta hulifahamu anaposogea mbali na bandari wakati maji yanakupwa: nikikwama hapa, nitarudi? Wapangaji wa safari waliweka kanuni. Wanaanga hawakuruhusiwa kwenda mbali kuliko umbali ambao wangeweza kurudi kwa miguu, kwa oksijeni na maji yaliyobaki begini, endapo gari lingeharibika. Kadiri saa zilivyopita na akiba kupungua, ndivyo kikomo hicho kilivyosogea karibu na chombo. Kwa sababu hiyo, walianza kwenda kwenye kituo cha mbali kwanza, kisha wakafanya kazi wakirejea nyuma.

Juu ya begi kulikuwa na mtungi wa oksijeni ya dharura, ya kutosha nusu saa hivi. Katika safari za baadaye iliongezwa mirija ya kumwezesha mwanaanga ambaye mfumo wake wa kupoza umekufa kuungana na begi la mwenzake, wakagawana maji huku wakitembea pamoja kurudi.

Vifaa hivyo vya dharura havikuhitajika mwezini, lakini hofu haikukosekana. Aprili 1972, Charles Duke wa Apollo 16 aliruka juu kwa furaha mbele ya kamera. Uzito wa begi ukamvuta nyuma, akaanguka chali juu ya mashine iliyokuwa ikimpa uhai. Alilala akisikiliza kama pampu na feni bado zinafanya kazi. Zilikuwa zinafanya. John Young alimsaidia kusimama. Duke alieleza miaka ya baadaye kuwa aliogopa sana.

Adui aliyesahauliwa

Adui aliyewasumbua zaidi kuliko walivyotarajia ni vumbi. Vumbi la barabara za Rufiji limesagwa na kulainishwa na maji na upepo kwa muda mrefu. La mwezini halijapata maji wala upepo. Limetokana na mawe yaliyovunjwa na vimondo kwa mamilioni ya miaka, na chembe zake zina ncha kali kama vigae vya kioo. Tena zina chaji za umeme tuli, kwa hiyo hunasa kwenye nguo na hazipanguki kwa brashi.

Vumbi hilo liliingia kwenye zipu na pete za kuunganishia glovu na helmeti, likachakaza vitambaa vya nje na kukwamisha viungo. Katika Apollo 12, Novemba 1969, uvujaji wa hewa wa vazi la Pete Conrad uliongezeka baada ya kila safari ya nje na kukaribia kikomo cha usalama. Schmitt alipata mafua na kupiga chafya baada ya kulivuta ndani ya chombo. Wanaanga kadhaa walisema linanuka kama baruti iliyolipuliwa.

Kwa maneno mengine, mavazi yaliyosifiwa dunia nzima yalikuwa yakichoka baada ya siku tatu za kazi. Yalitosha kwa safari hizo fupi. Yasingetosha kwa wiki au miezi.

Kilichobaki

Ili kupata nafasi ya mawe, ambayo jumla yake katika safari zote sita ilifika kilo 382, wanaanga walitupa nje mabegi ya mgongoni na viatu vya juu kabla ya kuondoka. Vitu hivyo viko mwezini hadi leo.

Vazi la Armstrong lilirudi. Limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Smithsonian, mjini Washington, na baada ya kufanyiwa matengenezo ya uhifadhi lilirejeshwa mbele ya umma Julai 2019, miaka 50 tangu litumike. Wahifadhi wanapambana na mpira wake, ambao unazeeka na kukakamaa. Washonaji wa Dover hawakuagizwa kutengeneza nguo ya kudumu nusu karne.

Kitambaa cha nyuzi za kioo na Teflon nacho kilipata ndugu duniani. Mahujaji kutoka Tanzania, wakiwamo wa Rufiji, wanaoshukia katika kituo cha mahujaji cha uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, hupita chini ya paa kubwa la mahema meupe lililofunguliwa mwaka 1981. Paa hilo ni kitambaa cha aina hiyo, kizito zaidi, kinachorudisha jua la jangwani na kisichoshika moto.

Mavazi ya safari zijazo

Warusi nao walibuni vazi la mwezini, Krechet, ambalo mvaaji aliingia kupitia mlango wa mgongoni badala ya kulivaa kipande kwa kipande. Halikupata kufika mwezini, lakini njia hiyo ya kuingia ilirithiwa na mavazi ya Orlan yanayotumiwa na Warusi katika vituo vya anga.

Mlango wa mgongoni umechukuliwa pia na kampuni ya Axiom Space, ambayo NASA iliipa kazi ya kutengeneza vazi jipya la mwezini mwaka 2022. Oktoba 2024 kampuni hiyo ilionyesha muundo wake wa nje uliobuniwa kwa ushirikiano na nyumba ya mitindo ya Italia, Prada. China ilionyesha vazi lake la mwezini Septemba 2024.

Mahitaji ya sasa ni magumu kuliko ya mwaka 1969. Wabunifu wanailenga ncha ya kusini ya mwezi, ambako kuna mashimo yasiyopata jua kamwe na yanayodhaniwa kuhifadhi barafu. Vazi la Axiom limekusudiwa kuhimili baridi ya mashimo hayo kwa angalau saa mbili, kumwezesha mvaaji kukaa nje saa nane, na kuwafaa wanaume na wanawake wa maumbo mbalimbali, tofauti na Apollo ambako kila vazi lilikuwa la mwanamume mmoja.

Vumbi nalo limepewa nafasi ya mbele katika usanifu, kuanzia aina ya vitambaa hadi namna viungo vinavyozibwa. Atakayelivaa vazi hilo atategemea mambo yale yale yaliyowategemeza wale 12 wa kwanza: mfuko usiovuja, maji yanayozunguka, na mshono ambao fundi aliukagua mara mbili kabla ya kuupitisha.